Chumba Kikavu Nyuma ya Nyumba ya Mawe

Wajukuu wangu huniuliza kazi yangu ya kwanza mjini Nakuru ilikuwa gani, nami huwaambia nilikuwa nikikausha nyumba za wazungu. Hucheka. Wanafikiri nyumba hukauka yenyewe, kama shati kwenye kamba. Kweli, nyumba ingekauka yenyewe kama wenyewe wangeiacha ikauke. Taabu ilikuwa hao wenyewe.

Ilikuwa miaka ya hamsini, wakati wa hali ya hatari, wapiganaji wa uhuru wakiwa msituni. Tuliajiriwa na kontrakta mmoja mzungu aliyekuwa amemaliza jeshi, ingawa jeshi lilikuwa halijammaliza. Mvua ilipozidi na maji yakaingia majumbani, yeye ndiye aliyeitwa. Alikuwa na lori, pampu ya mkono iliyokwama kila mara, na fimbo fupi aliyoibana kwapani. Kila asubuhi alitupanga mstari mmoja nyuma ya lori na kukagua kucha zetu. Hebu fikiria, watu wanaokwenda kuzoa matope kutwa nzima, na mtu mzima anawainamia kuangalia kama kucha zao ni safi. Zikiwa chafu alitikisa kichwa kwa huzuni, kana kwamba ameona mwisho wa dunia, halafu anatugawia majembe.

Yeyote aliyekaa Nakuru anaujua udongo wake. Ukiwa mkavu ni vumbi jepesi la kijivu linaloingia hata kwenye maziwa yaliyofunikwa. Ukilowa unakuwa uji mzito. Mvua ya masika ikipiga kwenye miteremko ya Menengai, maji hushuka na uji huo na kutafuta njia mjini, na njia nzuri ni mlango wa mtu. Maji yenyewe hupita upesi. Uji unabaki, chini ya vitanda, ndani ya viatu, ndani ya saa ya ukutani. Nyumba za wazungu zilikuwa na sakafu za mbao zilizoinuliwa juu ya nguzo fupi za mawe, na chini yake kuna uwazi wenye matundu ya hewa. Uji ukiingia humo, lazima ung'oe mbao, uzoe matope kwa karai, uoshe kwa magadi, halafu uache upepo ufanye kazi yake mpaka ukuta wote ukauke. Hakuna siri hapo. Kila mtu katika kundi letu aliijua kazi hiyo kwa sababu nyumba zetu wenyewe zililowa kila mwaka, tukazikausha bila kukaguliwa kucha.

Mwaka ule maji yaliingia katika nyumba moja ya mawe upande wa juu wa mji. Nilipoona lori linakata kona kuelekea huko, niliingiwa na wasiwasi, kwa maana mpishi wa nyumba hiyo alikuwa mume wa shangazi yangu, na shangazi mwenyewe aliishi naye katika chumba cha watumishi nyuma ya nyumba. Ndiye aliyenilea mama yangu alipofariki. Aliniita baba, kama shangazi wa kwetu magharibi wanavyowaita watoto wa kaka zao. Msimu wa baridi uliotangulia alikuwa ameugua kifua, akalazwa, akatoka amebaki mifupa. Daktari hakumpa maneno mengi. Alimwambia alale mahali pakavu, na kwamba kifua kile kikipata unyevu tena hakitapona. Shangazi aliyachukua maneno hayo kama amri. Hata blanketi lake hakuliacha nje umande ulipoanza kuanguka.

Nilimkuta amekaa juu ya debe lililopinduliwa, mlangoni pa chumba chake. Ndani, uji ulifika ubao wa kitanda. Mumewe alikuwa ndani ya nyumba kubwa akipanguza vijiko vya fedha.

Memsahib alitupokea barazani. Mumewe alilima ngano upande wa Njoro na alikuja mjini siku za mapumziko tu, kwa hiyo nyumba ilikuwa ya mama huyo peke yake, yeye na mbwa wake mnene na hofu yake. Hofu yake ilikuwa kubwa kuliko nyumba. Aliamini kwamba watu wa msituni walikuwa wakimwazia yeye usiku na mchana, kana kwamba hawakuwa na kazi nyingine. Kwetu sote aliona uso mmoja tu. Ungemwambia huyu ametoka Kakamega, huyu Kericho, huyu amezaliwa papa hapa Nakuru, asingesikia. Madirisha yake yote yalikuwa na vyuma, na juu ya vyuma makomeo, na makomeo yalifungwa mchana kweupe. Hata yale matundu ya hewa chini ya sakafu alikuwa ameyaziba kwa saruji, ili mtu asije akatambaa humo na kumchomozea mkuki kwenye zulia. Sijui ni mtu gani angeenea kwenye tundu la kupitisha paka.

Tuling'oa mbao, tukazoa, tukaosha. Kazi hiyo ilikwenda vizuri. Kisha tukafungua madirisha, na hapo ndipo memsahib alipotoka chumbani mbio.

"Hapana fungua dirisha," alisema. "Mimi hapana taka watu ya msitu naingia."

Mwenzetu mmoja aliyekuwa mkubwa kwetu kwa umri akamjibu kwa upole kwamba maji hayana mlango mwingine wa kutokea ila dirisha. Memsahib akamgeukia kontrakta. Kontrakta, ambaye alikuwa amekausha nyumba nyingi na alijua vizuri kabisa, alitazama viatu vyake.

"Memsahib nasema funga, nyinyi funga," akasema. "Hapana maneno."

Tukafunga. Mwenzetu akauliza kama basi tunaweza kuvunja ile saruji kwenye matundu ya chini. Kontrakta akamwambia akivunja tundu moja atavunjwa meno. Nilimdharau memsahib kwa hofu yake, lakini kontrakta nilimdharau zaidi, kwa sababu yule mama hakujua na huyu alijua. Mbele yetu alikuwa simba. Mbele ya gauni lile alikuwa kitambaa cha kupangusia meza.

Badala ya upepo, akaleta makaa. Aliamuru majiko yawashwe katika kila chumba, madirisha yakiwa yamefungwa kwa komeo, na sisi tukae ndani tukipepea. Baada ya muda watu wakaanza kusikia kizunguzungu. Mmoja wetu akaanguka kifudifudi kwenye sebule. Tulimburuta hadi nje, akatapika kwenye maua ya memsahib. Kontrakta akaja, akamnusa mdomo, akatangaza kwamba amelewa. Memsahib naye akasikitikia maua.

Jioni ile nilimwomba kontrakta tukimaliza nyumba kubwa tuzoe pia chumba cha mpishi, kwa kuwa mgonjwa alilala humo. Aliniambia chumba cha boi hakimo kwenye kandarasi. Nikamwuliza ni nini basi kilichomo. Akahesabu kwa fimbo yake: nyumba, jiko, stoo, banda la mbwa. Banda la mbwa lilikuwemo. Tulilizoa, tukalipaka chokaa, tukaweka majani makavu, na mbwa mwenyewe akakataa kulala humo kwa sababu siku zote alilala kitandani kwa mama yake.

Mume wa shangazi alipeleka ombi hilo hilo kwa memsahib, akiwa amevaa kanzu yake nyeupe na mkanda mwekundu. Alirudi na chupa ya dawa ya kusugua kifua, imebaki robo. Alinionyesha kwa fahari. "Unaona, memsahib ana moyo," akaniambia. Miaka mingi ya kupika supu ilikuwa imemfanya mtu anayeshukuru hata kwa chupa tupu.

Basi tukafanya wenyewe. Jumapili baada ya kanisa kundi letu zima lilikuja, hata yule aliyeitwa mlevi. Tulitoa kitanda na sanduku, tukazoa uji wote mpaka tukafikia udongo mgumu. Tuling'oa mlango kwenye bawaba zake, na dirisha, ambalo lilikuwa ubao tu, tukaliondoa kabisa. Nyuma ya ukuta tukachimba mtaro maji yapite mbali. Ndani tukashindilia kokoto, juu yake udongo wa kichuguu uliopondwa. Upepo wa ziwani uliingia kwa mlango na kutoka kwa dirisha mchana kutwa, na usiku shangazi alilala kwa jirani kwenye landhi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli. Siku chache baadaye, kuta zilipobadilika rangi, akaja na wanawake wa landhi, wamebeba karai la mavi ya ng'ombe mabichi na majivu.

Aliyejua kusiriba sakafu ni yeye. Sisi wanaume tulifukuzwa nje. Alipiga magoti, kikohozi na yote, akaanza kona ya mbali na kurudi nyuma kuelekea mlangoni, mkono wake ukichora nusu duara juu ya nusu duara, kila moja ikigusa mwenzake, mpaka sakafu nzima ikawa kama magamba ya samaki. Wanawake wengine walimletea tu mchanganyiko. Ilipokauka ilikuwa ngumu, ya kijivu na kijani kidogo, na ulipokanyaga kwa miguu mitupu ulisikia joto. Haikuwa na harufu yoyote ila ya majani makavu. Tuliurudisha mlango, shangazi akaingia na kitanda chake. Wiki hiyo alilala usiku kucha bila kukohoa, na mumewe alinisimulia jambo hilo huku akicheka, kama mtu aliyeokota kitu njiani.

Memsahib alipita siku moja kukagua. Alisimama mlangoni, akauliza sakafu ni ya nini, na alipoambiwa akaziba pua kwa kitambaa. "Kama nyama ya porini," akasema, akimaanisha wanyama, akaenda zake. Sisi tulimwona akivuka uwanja kurudi katika nyumba yake, ambayo kwa wakati huo ilikuwa imeanza kunuka kweli kweli.

Kontrakta alikuwa ametuamuru turudishe mbao juu ya udongo uliokuwa bado unatoa jasho. Mbao mpya ziliagizwa kutoka Elburgon, nzuri, zenye harufu ya msitu, zikapigiliwa juu ya unyevu ule kama kifuniko cha sufuria. Kisha tukazipaka nta nyekundu na kuzisugua kwa brashi za miguuni, kushoto, kulia, kushoto, kulia, mpaka memsahib akaona uso wake. Kontrakta alisimama katikati ya sebule mikono kiunoni akasema kazi imekwisha. Alipigwa picha. Mimi nilikuwa pembeni na brashi mguuni, na chini ya nyayo zangu nilisikia ubao ukibonyea.

Haikuchukua muda. Ukungu wa kijani ulitokea nyuma ya kabati, halafu kwenye mapazia, halafu kwenye viatu vya bwana. Shuka zilinuka gunia bichi. Mbao zikavimba na kuinuka katikati ya sebule kama mgongo wa ng'ombe aliyelala, na mlango wa chumba cha kulia ukakataa kufunguka. Memsahib alimwita kontrakta. Kontrakta alitembea humo ndani akinusa, madirisha yote yakiwa na makomeo yake, akasema kwa uhakika kwamba harufu inatoka kwa maboi, nyuma, kwenye ile sakafu yao. Memsahib alikwenda mwenyewe kuhakikisha. Aliinama mlangoni kwa shangazi, akanusa. Akanusa tena. Akaingia ndani, akaweka kiganja ukutani.

Nilikuwepo, nilikuwa nimeleta sukari. Nilimwona usoni alipogundua kwamba humo ndani ni pakavu. Sijawahi kuona mtu akikasirishwa na ukuta kama yule.

Alikuwa na piano, kitu kikubwa cheusi kilichosafirishwa kutoka kwao kwa meli na treni. Mvua ilipoingia ilikuwa imelowa miguu, na sasa baadhi ya meno yake hayakurudi juu yalipobonyezwa. Asubuhi iliyofuata kontrakta alitupanga mstari, akakagua kucha, akatupeleka kule kuibeba. Tuliuliza tunaipeleka wapi. Akaelekeza fimbo kwenye chumba cha shangazi.

Piano, sanduku la shuka, mazulia mawili na picha ya babu yake mwenye ndevu. Vyote vilipelekwa vikakaushwe. Kitanda cha shangazi kilitolewa nje na kuegemezwa kwenye banda la mbwa. Memsahib alieleza mpango wake kwa mume wa shangazi akiwa barazani: yeye atalala jikoni, kwenye jamvi, na "bibi yako naweza kwenda kwa watu yake." Jikoni hakuruhusu wanawake wasiokuwa na kazi.

Mume wa shangazi alisema, "Ndiyo memsahib."

Hilo tu. Nilingoja aseme lingine. Nilingoja aseme neno kifua, neno daktari. Aliinamisha kichwa na kofia yake nyeupe, akaenda kushika kona ya piano ili isigonge fremu ya mlango. "Polepole, vijana," akatuambia, "hiki ni kitu cha thamani." Nami niliibeba. Nilikuwa na kona yangu.

Shangazi hakulia wala hakumlaani mtu. Alisimama akitazama piano ikiwekwa juu ya nusu duara zake, akamwambia mumewe, "Waambie wasilifunge lile dirisha. Likifungwa, hata hicho kisanduku chao kitaoza." Mumewe akamwambia anyamaze, memsahib atasikia.

Hakuwa na mahali ila kwa binamu yake Elburgon, aliyefanya kazi kwenye kiwanda cha mbao. Nilimsindikiza kwa lori la magogo. Huko Elburgon ukungu hushuka kutoka msitu wa Mau hata adhuhuri, na nyumba za wafanyakazi zilikuwa za mabanzi, yale magamba ya nje ya mti ambayo kiwanda hakiwezi kuyauza. Mwanga wa nje ulionekana kati ya banzi na banzi. Nilimwacha amekaa karibu na moto, blanketi mabegani.

Mvua ilipokuja tena kontrakta alitwaa kandarasi ya nyumba ile ile. Ilibidi kung'oa sakafu yote, iliyokuwa imeoza na kumeguka kama mkate, na safari hii bwana mwenyewe alikuja kutoka Njoro, akatukana sana kwa Kiingereza, akatuamuru tuyafungue madirisha yote na tuvunje saruji ya matundu. Nyumba ikakauka. Kontrakta alimweleza kwamba ndiyo njia yake mpya. Siku ile ile tukarudisha piano sebuleni, na mume wa shangazi akanivuta kando, uso unang'aa.

"Memsahib amenipa ruhusa," akasema. "Chumba kiko wazi. Nenda umwambie shangazi yako arudi. Mwambie memsahib ndiye amesema."

Niliingia chumbani kabla ya kwenda. Dirisha lilikuwa limepigiliwa mbao kwa nje, na mlango ulikuwa na kufuli mpya tangu siku ile tulipoiingiza piano. Kuta zilikuwa nyeusi kwa ukungu hadi kiunoni. Sakafu ilikuwa laini chini ya kisigino, na katika zile nusu duara miguu ya piano ilikuwa imeacha mashimo yenye maji ndani.

Nilikwenda Elburgon na ujumbe wangu. Shangazi alinisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa amekonda hata pete ameifunga kwa uzi.

"Dirisha wameliacha wazi, baba?" aliniuliza.

Nilimwambia wamelipigilia misumari.

Alianza kucheka, kikohozi kikamdaka katikati ya kicheko, na ilichukua muda mrefu kabla hajapata pumzi. Alipoipata aliniuliza kama nimekula. Kuhusu kurudi hakusema kitu, wala mimi sikumwuliza mara ya pili. Kile chumba alichokuwa akirudishiwa hakikuwa chumba alichonyang'anywa, na sote wawili tulijua.

Tulimzika Elburgon kabla baridi haijaisha, kwenye kiwanja nyuma ya kiwanda, misumeno ikilia. Mume wake alifika na gari la moshi, amevaa koti la zamani la bwana. Alikuwa amebeba bati kubwa la biskuti lenye picha ya malkia. Memsahib alikuwa ametuma keki, akasema, na rambirambi zake, na tusisahau kwamba bati lirudishwe.

Binamu wa shangazi alilifungua mbele ya waombolezaji. Harufu ilitoka kabla hatujaiona keki. Ilikuwa harufu ya sebule ile, ya gunia bichi na nta nyekundu, imefungiwa ndani ya bati safari nzima. Hakuna aliyeigusa. Tuliwamwagia kuku.

Mume wa shangazi aliliosha bati lile kwa maji moto, akalifuta, kisha akaliweka juu ya gogo lililopata jua, mdomo wazi. Alikaa kando yake akilingoja. Kila mara aliingiza mkono, akapapasa pembeni, akaligeuza upande wa upepo. Hakuliinua mpaka lilipokauka kabisa, na asubuhi akarudi nalo Nakuru.